Nikimaliza Nyumba, Nitaenda

Watu wa matanga walipokwisha kuondoka, mimi na mdogo wangu Ilunga tulikaa na baba kwenye saluni, yaani sebule, ya nyumba yetu ya Katuba, Lubumbashi, tukamwambia kile ambacho tulikuwa tumeshakipanga kwenye simu bila kumuuliza: kwamba sasa mama hayupo hawezi kubaki pale peke yake, kwamba atahamia kwangu Sakania, kwamba chumba kiko tayari na hata kitanda kimeshaingizwa ndani. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Viti vya kukodi vilikuwa bado uani vikimsubiri mwenyewe, na ukuta wa saluni ulikuwa umechafuka kwa migongo ya wanawake walioegemea pale juma zima wakimlilia mama. Baba alitusikiliza mpaka mwisho, maana hana tabia ya kumkata mtu maneno. Kisha akautazama ule ukuta. "Nitakuya," akasema. "Nimalize kwanza nyumba, njo nitaenda." Ndipo, angesema mtu wa pwani. Ilunga akapumua, akatoka nje kumpigia simu mwenye gari la kumhamisha. Simlaumu. Mwaka ninaotaka kuusimulia yeye alikuwa bado ananyonya. Mimi nilibaki nimekaa, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kutoka kinywa hichohicho, ndani ya chumba hichohicho, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, na mwaka ule maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yamesimama kati ya baba yangu na watu waliotaka kumtoa.

Mambo ya ukoo nitayaruka, yangejaza kitabu kingine na kumchosha kila mtu. Inatosha kujua kwamba wazazi wa baba walitoka Kasai, kwamba mama alikuwa mtu wa huku, wa upande wa Luapula, na kwamba baba alizaliwa hapahapa Lubumbashi na Kasai yenyewe hakuwahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Kabla ya mwaka ule jambo hilo lilikuwa la kutaniana kwenye harusi. Halafu siku moja, kama mtu amewasha redio, likawa jambo la kufa na kupona: kila mwenye asili ya Kasai aliambiwa arudi kwao. Shule zilifungwa. Baba alirudi kutoka ofisini saa za asubuhi akiwa amebeba kikombe chake cha chai na mto mdogo aliokuwa akiukalia, akaviweka juu ya meza yetu ya chakula. Kule ofisini alikuwa amekuta meza yake imetolewa nje kwenye korido na mtu mwingine amekaa penye dirisha. Mama alimuuliza kuna nini. "Congé," akajibu, eti likizo, na hakuna aliyecheka. Siku zilizofuata tuliona majirani wa ng'ambo ya barabara, familia ya Baba Tshibangu, wakielekea stesheni kusubiri treni ya Kasai, na walibeba magodoro, mabati, hata milango na madirisha ya nyumba yao. Nyumba ile ilibaki imeachama mbele yetu, na kila nilipofagia uwanja niligeuza kichwa nisiione.

Kaka yake mama, Mjomba Chisenga, alikuwa akija kila Jumapili baada ya misa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera, kwa sababu mtu mbaya unajua namna ya kumchukia. Alikula bukari, yaani ugali, na samaki wakavu wa mama, akanawa mikono, akasifia mchuzi, halafu akaanza. "Shemeji, si miye niko nakufukuza. Ni inchi. Bale batoto ba jeunesse, bale bijana ba chama, banapita nyumba kwa nyumba. Bakikukuta hapa, batakupiga weye, batachoma na dada yangu na batoto. Panda train. Hasira ikipoa, utarudia." Baba alikuwa akipanga mifupa ya samaki ukingoni mwa sahani, mmoja baada ya mwingine. Alimtazama mama, wala si mjomba. Na mjomba naye akamgeukia dada yake, akamwita kwa jina langu: "Mama Kapinga, weye unasema namna gani?" Mama alikuwa anakwangua ukoko wa bukari kwenye sufuria, na hakuinua uso. "Kama banasema aende, aende," akasema. "Miye siwezi kumushika."

Nitasema wazi: saa ile nilimchukia mama yangu. Nilimwona baba akilipokea neno lile, akilimeza, akinyoosha kola ya shati lake kama mtu anayejiandaa kuingia kwa mkubwa wa kazi. Mama akaendelea kukwangua sufuria. Halafu akasema, kwa sauti ya mwanamke anayelalamikia bei ya unga sokoni: "Mais hapana kuniachia nyumba ya hivi. Muangalie ile ukuta, inatoka mavumbi kama barabara. Nitabakia mu nyumba ya namna hii na batoto, bantu bakunicheke? Apake nyumba kwanza. Akimaliza, njo aende." Mjomba akafikiri, akaona ni jambo la haki. Mwanaume hamwachii mke nyumba iliyochakaa. Baba naye akaitikia: "Ni sawa. Nikimaliza nyumba, nitaenda." Alasiri ileile mjomba akayapeleka maneno hayo kwa wale vijana, akawaomba wamvumilie shemeji yake, ameshatoa neno. Jioni baba akakunja nguo zake, akazipanga kwenye sanduku la bati, akaliweka koridoni karibu na mlango wa mbele, na kila mmoja wetu akajifunza kulizunguka anapopita.

Hivyo ndivyo tulivyofungiwa ndani na brosi. Baba alikuwa mtu wa kalamu, hakuwahi kupaka hata kiatu chake mwenyewe, mama ndiye aliyempakia. Sasa alijitengenezea kofia ya gazeti, akakunja miguu ya suruali ya ofisini, akapanda juu ya meza na kuanza kukwangua kuta kwa kisu cha jikoni. Rangi ya dukani haikuwepo, na kama ingekuwepo nani angekwenda mjini kuitafuta? Tulikuwa na magunia ya chokaa yaliyoachwa na Baba Tshibangu, ambaye alikuwa na mipango ya kujenga chumba cha nyuma. Rangi nyingine zote tulizibuni wenyewe. Mama alinituma kuchimba udongo wa kichuguu nyuma ya choo, tukauchekecha kwa chujio la unga, ukatupa rangi ya chungwa iliyoiva. Bulu ya kufulia tuliiponda tukapata rangi ya mbingu ya mwezi wa sita. Betri za redio zilizokufa tulizipasua, tukasaga mkaa wake, tukapata nyeusi. Nje, sehemu ya chini ya ukuta ambako mvua hurusha matope mekundu, tulipaka oili chafu ya gari, na nyumba ikanuka gereji kwa siku nyingi. Ugunduzi mkubwa ulikuwa wangu, na mpaka leo najivunia. Nilichovya gunzi la mahindi kwenye rangi ya bulu, nikalibingirisha juu ya ukuta, likaacha mistari ya vitone vidogo vidogo vilivyoshikana. Baba alishuka mezani kuja kutazama. "Kapinga, ni kama dentelle!" akasema, yaani lesi, akalichukua gunzi akajaribu mwenyewe, na akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aliporudi na kile kikombe. Nilifurahi, na palepale nikaogopa, kwa sababu kila chumba tulichokipendezesha kilikuwa kinamsogeza karibu na lile sanduku.

Chumba cha wazazi kiliisha. Chumba cha watoto kikaisha. Kuna watu wanaosema kwamba hofu huondoa hamu ya kula, lakini kwetu ilikuwa kinyume, tulikula kama watu wa safari, matembele, dagaa, bukari ya moto, tukikaa chini mbali na dirisha. Mtu akipita barabarani akiimba, vidole vyote vilisimama juu ya sahani. Baba alikuwa akisubiri wimbo upite, halafu anasema kitu kama: "Kesho nitapiga couche ya pili ya chokaa kule korido." Usiku ukianza kuingia niliwasikia kupitia ukuta wa mbao uliotenganisha vyumba vyetu. Nilitega sikio nikitumaini kwamba mama atasema neno moja tu, abaki, usiende, hata kwa kunong'ona. Walizungumza juu ya chokaa.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Katuba hahitaji kuelezwa. Chokaa tupu haishiki. Ukichanganya na maji peke yake, inakauka vizuri, inang'aa, halafu ukiegemea unaondoka nayo mgongoni. Ili ishike unatia chumvi, konzi kadhaa kwenye ndoo ya maji ya moto, unakoroga mpaka iyeyuke. Mafundi wana desturi yao: kabla ya kuchovya brosi, fundi huchovya ncha ya kidole, hugusa ulimi, hutema. Ulimi ukisikia chumvi, kazi inaanza. Kwetu mama alijichukulia kazi ya kukoroga tangu siku ya kwanza. "Chokaa ni kama bukari," alimwambia baba, "haikorogwe na mwanaume." Baba hakubisha.

Asubuhi moja niliingia uani nikamkuta mama ameinamia ndoo. Kisahani cha chumvi kilikuwa pembeni, kimejaa. Alikoroga kwa mwiko mkubwa, akakoroga tena, akanyanyuka, na kile kisahani akakirudisha jikoni vilevile kilivyo, akaimimina chumvi kwenye kopo lake. Akageuka akaniona. "Unaangalia nini?" akasema. "Enda kuchota mayi." Nilidhani ni ubahili. Chumvi ilikuwa adimu siku zile, nikajiambia mama anaona bora tule sisi kuliko kuulisha ukuta. Siku chache baadaye Mjomba Chisenga alikuja, akaegemea ukuta wa saluni akizungumza, na alipoinuka mgongo wa koti lake la misa ulikuwa mweupe wote. Mama alimpangusa akimwomba radhi. Baba aliusogelea ukuta, akapitisha kiganja, akakitazama. "Haishike," akasema. "Itabidi nirudilie yote." Nilimtazama mama, naye alikuwa anampangusa kaka yake taratibu sana, na uso wake haukuwa na kitu. Hapo ndipo nilipoelewa, na ile chuki niliyokuwa nayo ikayeyuka kwa aibu. Kuanzia siku ile tulikuwa wawili wenye siri. Hatukuitaja hata mara moja. Nilichokifanya mimi ni kusimama mlangoni mwa uani kila alipokoroga, nikiangalia baba asije.

Basi vyumba vilianza upya. Baba alipaka, ikakauka, ikapukutika, akakwangua, akapaka. Treni ziliondoka na watu, na yeye yuko juu ya meza na kofia yake ya gazeti. Mjomba akaanza kukuna kichwa. Mpaka siku waliyokuja wale vijana wenyewe.

Tulikuwa tunakula. Hawakubisha hodi, waliingia tu, vijana kama sita, wengine sikuwajua, na mbele yao Mwansa. Huyu tulimjua wote. Alikuwa mtoto wa fundi mwashi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa akija kutazama mpira kwetu, na mama alikuwa akimpa mikate ya mafuta. Hakututazama machoni. "Baba Kapinga," akasema, "bakubwa banatutuma. Train iko kesho. Banauliza nyumba yako inaisha siku gani." Baba alisimama na bado ana tonge mkononi. "Inabakia hii ukuta moja tu," akasema, akaonyesha ukuta wa saluni. Mmoja wa wale nisiowajua, mwenye kipande cha nondo, alipitisha kiganja kwenye ukuta ule mwingine ambao ulikuwa umeshakwisha, tena kwa mara ya tatu. Kiganja kikatoka cheupe. "Angalia!" akapiga kelele. "Anatucheka! Anapaka, inatoka, anapaka, inatoka! Ni mayele, ni ujanja ya kubakia!" Akapiga teke sanduku la bati, likafunguka, nguo za baba zikamwagika zikiwa zimekunjwa vizuri. Hilo likawachanganya kidogo, kwa sababu mtu asiyetaka kwenda hafungi sanduku namna ile. Yule mwenye nondo akamgeukia mama. "Bibi njo anakoroga, si ndiyo? Unatia nini mule ndani?"

"Chokaa," mama akasema. "Mayi. Chumvi."

"Mwansa, weye ni mutoto wa maçon. Onja," akaamuru yule mwenye nondo.

Ndoo ilikuwa pale pale mbele ya ukuta. Mwansa aliisogelea, akachuchumaa. Nilijikojolea, na sioni haya kuliandika, nilikuwa na miaka kumi na minne na nilijua kwamba ndani ya ndoo ile hakuna hata chembe ya chumvi. Mama alikuwa amemshika Ilunga kifuani kwa nguvu mpaka mtoto akaanza kulia. Mwansa alichovya kidole, akakigusisha ulimini. Kisha akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtazama mama yangu, usoni kabisa. Akatema mate pembeni.

"Chumvi iko," akasema. "Iko hata mingi. Ni ukuta njo mubaya. Matofali ya zamani inakunywaka mayi."

"Nionje na miye," akasema yule mwenye nondo.

"Weye unajua nini ya chokaa?" Mwansa akamwambia, akisimama kati yake na ndoo. "Itakuchoma ulimi bule. Tubebe sanduku, twende."

Wenzake wakacheka, na yule akaona haya kuinamia ndoo mbele yao. Walibeba sanduku, nguo, redio, na sufuria ya samaki pamoja na samaki wake. Walipotoka, mama alikaa sakafuni, akamnyonyesha Ilunga. Baba alitia lile tonge lake mdomoni, akatafuna, akameza. Akachukua brosi, akaichovya kwenye ndoo ileile, akaendelea kupaka. Hakuuliza neno. Nilimhurumia sana kwa kutojua kwake.

Kesho yake treni iliondoka bila yeye. Jumapili mjomba alimkuta shemeji yake amevaa suruali ya kuazima, hana sanduku, na ukuta ungali mbichi. Alikula, akanawa mikono, na habari ya treni hakuitaja tena. Nyumba iliendelea kupakwa mpaka mvua zikakatika na kiangazi kikaja, na mji ukaanza kuchoka na hasira zake, kwanza barabara moja, halafu nyingine. Baba alitoka kwa mara ya kwanza kwenda kununua kiberiti, mama akasimama getini mpaka aliporudi. Baba Tshibangu na watu wake hawakurudi. Tulisikia kwamba mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa akija kuchezea uani kwetu, alikufa njiani. Miaka kadhaa baadaye Mwansa alikwenda kutafuta kazi Kolwezi, na hakuwahi kuongea na mtu yeyote juu ya siku ile, lakini mama alikuwa akimpelekea mikate kila mwisho wa mwaka mpaka siku hiyo ya kuhama kwake. Mwaka uliofuata nyumba ilipakwa tena, na ile chokaa ikashika vizuri kabisa. Mama hakusema lolote, wala wakati ule wala miaka yote iliyofuata, na ameondoka nalo. Mimi niliibeba siri yake dhidi ya baba miaka yote hiyo, nikimwona mzee mwema aliyezungushwa na mkewe.

Juma lililopita, basi, baba alitaka chokaa. Nilikwenda kuinunua mwenyewe, nikachemsha maji, nikamwaga kwenye ndoo, nikaanza kukoroga kwa mwiko wa mama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani na kofia ya gazeti kichwani, ameitengeneza mwenyewe, mikono yake siku hizi inatetemeka lakini mikunjo ilikuwa sawasawa. Nikachukua kisahani cha chumvi.

"Rudisha," akasema.

"Baba, bila chumvi haitashika."

"Najua haitashika."

Mwiko ukasimama mkononi mwangu. "Ulijua tangu wakati gani?"

"Siku ya kwanza," akasema. "Nilionja. Miye ni muntu wa ofisi, mais ulimi niko nayo." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kapinga, alisema mbele ya kaka yake niende. Ulikuwa pale, ulisikia. Nilimusadiki. Ile sanduku niliifunga juu ya ile neno yake, si juu ya bale batoto. Nilisema, kama na yeye amechoka na miye, nitabakia kufanya nini? Kisha nikaonja mayi ya ndoo." Akaangalia mlango wa jikoni. "Njo nilijua hataki niende."

Ilunga akatokea getini na simu sikioni, akauliza kwa sauti, mwenye gari anataka kujua kama aje Jumamosi: "Baba, Samedi utakuwa umemaliza?"

"Nitamaliza," baba akasema, akinitazama mimi.

Nikainuka na kisahani cha chumvi, nikakirudisha jikoni, nikaimimina yote kwenye kopo la mama.